Edgar Codd: Mwanahisabati aliyebadilisha uhifadhi wa rekodi, na swali la ardhi ambalo aljebra yake ilishindwa kulijibu

HUENDA wakazi wengi wa miji ya Thika na Ruiru hawajapata kulisikia jina la Edgar Frank Codd. Hata hivyo, kazi ya mwanahisabati huyo aliyefariki mwaka 2003 huwagusa kila wanapotoa pesa benki, wanapotafuta matokeo ya mitihani au wanapotaka kujua iwapo ploti wanayouziwa ina mwenyewe.

Codd ndiye aliyebuni nadharia ya kuhifadhi rekodi za tarakilishi katika majedwali yanayohusiana. Leo hii hakuna mwanafunzi wa sayansi ya tarakilishi anayehitimu bila kuisoma, awe yuko Marekani, India au katika Chuo Kikuu cha Kilimo na Teknolojia cha Jomo Kenyatta kilichoko Juja, baina ya Thika na Ruiru.

Lakini nadharia hiyo, pamoja na uzuri wake wote, ilizaliwa na pengo. Swali ambalo mnunuzi wa ardhi huko Ruiru hulihitaji kuliko yote, yaani ploti hii ilimegwa kutoka shamba gani, na shamba hilo nalo lilimegwa kutoka wapi, hadi kufikia shina, ndilo ambalo aljebra ya Codd haikuweza kulijibu. Jinsi pengo hilo lilivyotokea na jinsi lilivyozibwa ni sehemu muhimu ya maisha yake na ya urithi aliouacha.

Codd alizaliwa Agosti 19, 1923, katika kisiwa cha Portland, kusini mwa Uingereza. Baba yake alikuwa mtengenezaji wa bidhaa za ngozi na mama yake mwalimu. Alisomea hisabati na kemia katika Chuo Kikuu cha Oxford, lakini masomo hayo yakakatizwa na Vita Vikuu vya Pili vya Dunia, ambapo alihudumu kama rubani katika jeshi la wanahewa la nchi yake. Vita vilipokwisha alirejea chuoni, akahitimu mwaka 1948.

Mwaka huo huo alihamia Marekani. Kwa muda mfupi alifanya kazi ya kuuza nguo katika duka kubwa la Macy's jijini New York, kisha akafundisha hisabati katika Chuo Kikuu cha Tennessee. Mwaka 1949 aliajiriwa na kampuni ya IBM kuandika programu, wakati ambapo tarakilishi moja ilijaza chumba kizima na watu walioijua kazi hiyo walikuwa wa kuhesabika.

Codd alikuwa mtu wa msimamo. Katika miaka ya mwanzo ya hamsini, Seneta Joseph McCarthy aliendesha msako mkali dhidi ya watu walioshukiwa kuwa Wakomunisti. Mwaka 1953, Codd aliyechukizwa na siasa hizo aliiacha Marekani, akahamia Ottawa nchini Canada. Alirejea Marekani na IBM mwaka 1957, na baadaye akachukua uraia wa nchi hiyo.

Baada ya miaka michache kazini alirudi tena darasani. Alijiunga na Chuo Kikuu cha Michigan na kupata shahada ya uzamifu mwaka 1965. Utafiti wake ulihusu mashine za kinadharia zinazoweza kujizalisha zenyewe, fani iliyoasisiwa na mwanahisabati John von Neumann. Mashine ya von Neumann ilihitaji chembe zenye hali 29. Codd alithibitisha kwamba hali 8 zinatosha.

Utafiti huo unastahili kukumbukwa, kwa kuwa unaonyesha kwamba Codd alikijua vyema kitu kinachojirudia ndani ya nafsi yake. Ajabu ni kwamba aljebra aliyoibuni miaka michache baadaye haikuwa na namna ya kujirudia.

Mwishoni mwa miaka ya sitini, Codd alihamia maabara ya IBM mjini San Jose, California. Huko alikuta rekodi za kampuni na serikali zikihifadhiwa kwa mitindo miwili mikuu. Mmoja ulipanga rekodi kama mti wenye shina na matawi. Mfano wake mashuhuri ni mfumo wa IMS wa kampuni hiyo hiyo ya IBM, uliobuniwa kufuatilia vipuri vya roketi ya Saturn V katika mradi wa Apollo wa kupeleka binadamu mwezini. Mtindo wa pili, ulioongozwa na Charles Bachman, uliunganisha rekodi kama utando.

Mitindo yote miwili ilikuwa na kasoro moja kubwa. Ili kupata jibu, mwandishi wa programu alipaswa kuijua njia: aanzie rekodi ipi, afuate kielekezi kipi, ageukie wapi. Mpangilio ukibadilishwa, programu zote zilizotegemea njia ile ya awali zilivunjika. Ilikuwa sawa na mgeni anayeelekezwa nyumba kwa alama ya mti wa mkuyu. Siku mkuyu ukikatwa, hafiki.

Codd alipendekeza jambo jipya kabisa. Rekodi zote ziwekwe katika majedwali ya kawaida. Mtumiaji aseme anachokitaka, na tarakilishi yenyewe ijue jinsi ya kukipata. Uhusiano kati ya jedwali moja na jingine utokane na thamani zilizoandikwa humo, kama vile nambari ya kitambulisho au nambari ya ploti, wala si vielekezi vilivyofichwa. Aliyaeleza hayo katika ripoti ya ndani ya IBM mwaka 1969, kisha katika makala yaliyochapishwa Juni 1970 katika jarida la chama cha wanatarakilishi cha Marekani, ACM.

Makala hayo hayakupokewa kwa vigelegele nyumbani. IBM ilikuwa ikivuna fedha nyingi kutokana na IMS, na haikuona sababu ya kuharakisha mfumo ambao ungeshindana na bidhaa yake. Mwaka 1974, Codd na Bachman walikabiliana katika mdahalo uliofanyika Ann Arbor, Michigan, kila mmoja akitetea upande wake mbele ya wataalamu.

Pingamizi kuu dhidi ya Codd lilikuwa la kasi. Wapinzani walidai kwamba tarakilishi haiwezi kuchagua njia vizuri kama binadamu anayeijua. Dai hilo lilipata jibu pale San Jose, ambako IBM hatimaye ilianzisha mradi wa majaribio ulioitwa System R. Watafiti wawili wa kampuni hiyo, Donald Chamberlin na Raymond Boyce, walibuni lugha ya kuuliza maswali ambayo leo inajulikana kama SQL. Mwaka 1979, Patricia Selinger na wenzake walieleza jinsi programu inavyoweza kukadiria gharama ya kila njia na kuchagua iliyo nafuu.

Wakati huo huo, watafiti wa Chuo Kikuu cha California huko Berkeley, wakiongozwa na Michael Stonebraker na Eugene Wong, waliunda mfumo wao wa Ingres. Larry Ellison na wenzake, waliosoma makala ya IBM yaliyokuwa wazi kwa kila mtu, waliingiza Oracle sokoni mwaka 1979. IBM iliyozaa wazo ilitanguliwa na wengine kulifanyia biashara. Mfumo wake wa DB2 ulitangazwa mwaka 1983.

Ni katika mwaka huo wa 1979 ambapo pengo lililotajwa lilibainishwa rasmi. Wanasayansi Alfred Aho na Jeffrey Ullman walithibitisha kwa hisabati kwamba aljebra ya mahusiano haiwezi kufuata mnyororo ambao urefu wake haujulikani mapema.

Ili kulielewa jambo hilo, hakuna mfano ulio karibu zaidi kuliko ardhi ya Thika na Ruiru. Enzi za ukoloni, eneo hilo lilijaa mashamba makubwa ya kahawa na mkonge yaliyomilikiwa na walowezi. Baada ya uhuru, mengi yalinunuliwa na kampuni na vyama vya ushirika vilivyochanga fedha za wananchi, kisha yakagawanywa kwa wanahisa. Wanahisa nao wakayagawa kwa watoto wao au wakauza vipande. Barabara kuu ya Thika ilipozinduliwa mwaka 2012, bei zilipanda, na vipande vikamegwa tena kuwa ploti za kujengea.

Kila ardhi inapogawanywa, rejista ya nambari ya zamani hufungwa na nambari mpya hufunguliwa. Tuseme sajili imewekwa katika jedwali la Codd. Kila mstari una nambari ya ploti na nambari ya ploti mama. Kumjua mama ni rahisi: nambari yake imo katika mstari huo huo. Kumjua bibi ni kuliunganisha jedwali na lenyewe mara moja, na mama wa bibi mara mbili.

Je, ikiwa mnunuzi hajui ploti yake iko umbali wa vizazi vingapi kutoka shamba la asili? Hapo ndipo aljebra ilipokwama. Swali lililoandikwa kwa vizazi vitatu halitafika cha nne, na la vizazi vinne litakomea hapo hapo. Hakuna swali moja la aljebra hiyo linalotosha kwa minyororo yote.

Kinaya ni kwamba ile mifumo mikongwe aliyoikosoa Codd ingeweza kuufuata mnyororo huo, kwa kuwa mwandishi wa programu aliufuata mwenyewe, kiungo baada ya kiungo. Hata roketi ya Saturn V ilikuwa tatizo la aina hiyo hiyo: kipuri ndani ya kipuri, kama ploti ndani ya ploti. Kwa kumwondolea binadamu mzigo wa kuijua njia, Codd alikuwa pia amemnyang'anya uwezo wa kuendelea kutembea mpaka njia iishe.

Mwenyewe alilitambua hilo. Katika makala yake ya mwaka 1979 alijaribu kuipanua nadharia yake, na katika kitabu alichokichapisha mwaka 1990 alijumuisha namna ya kuunganisha jedwali kwa kujirudia.

Ufumbuzi uliokubalika kote ulitokana na wazo la Aho na Ullman. Swali hugawanywa sehemu mbili. Ya kwanza hutoa mstari wa kuanzia. Ya pili huchukua kilichopatikana, hutafuta mama zake, na hurudia hivyo mpaka pasipatikane jipya. Oracle ilikuwa na njia yake ya kufuata mnyororo tangu mapema, lakini kanuni ya pamoja iliingia katika viwango vya kimataifa vya lugha ya SQL mwaka 1999. Programu zinazopatikana bila malipo zilifuata baadaye: PostgreSQL mwaka 2009, SQLite mwaka 2014 na MySQL mwaka 2018.

Hata hivyo, kuweza kuuliza si sawa na kujibiwa upesi. Swali linalojirudia likiandikwa ovyo huweza kuichosha tarakilishi yenye nguvu, na mfano mdogo unatosha kuonyesha kwa nini.

Chukua shamba moja lililogawanywa mara 10, kila sehemu ikagawanywa mara 10, na kila kipande kikagawanywa tena mara 10. Chini ya shamba hilo patakuwa na nambari 1,110 za ardhi: 10 za kizazi cha kwanza, 100 za cha pili na 1,000 za cha tatu. Mtu anayetaka asili ya ploti moja ya kizazi cha tatu anahitaji kupanda hatua tatu tu.

Lakini mwandishi wa programu asiye makini huweza kuiagiza tarakilishi iorodheshe kwanza kila ploti pamoja na wazazi wake wote, kisha achague ile anayoitaka. Orodha hiyo itakuwa na jozi 3,210. Tatu zitatumika na 3,207 zitatupwa. Katika sajili ya wilaya nzima, hasara hiyo huwa kubwa zaidi.

Dawa ya kwanza basi ni kuanzia kwenye ploti inayoulizwa. Sharti la mnunuzi liwekwe mwanzoni mwa mnyororo, wala si mwishoni. Mwaka 1986, François Bancilhon, David Maier, Yehoshua Sagiv na Ullman walieleza mbinu ya kuiwezesha tarakilishi kulihamisha sharti hilo yenyewe. Pamoja na hayo, mifumo mingi inayotumika hadi leo haifanyi hivyo katika kila hali, na jukumu humrudia anayeandika swali.

Dawa ya pili ni kutorudia kazi iliyokwisha. Katika kila duru, tarakilishi itafute mama za zile nambari mpya zilizopatikana katika duru iliyotangulia, isianze upya na zote tangu mwanzo. Ya tatu ni fahirisi. Kama vile msomaji asivyopekua kitabu kizima kutafuta neno moja, fahirisi ya nambari za ploti huiwezesha tarakilishi kuruka moja kwa moja hadi kwenye mstari unaotakikana. Anayepanda kuelekea shina huhitaji fahirisi ya nambari ya ploti yenyewe. Anayeshuka kutafuta vipande vyote vya shamba huhitaji fahirisi ya nambari ya mama.

Dawa ya nne ni tahadhari dhidi ya mzunguko. Iwapo karani ameandika kwa makosa kwamba ploti ya kwanza ni mama wa ya pili, na ya pili ni mama wa ya kwanza, swali lisilo na kizuizi litazunguka bila kikomo. Ni lazima nambari iliyokwisha kupitiwa isipitiwe tena. Fauka ya hayo, mzunguko kama huo unapogunduliwa huwa ni habari yenyewe, kwani katika ardhi halisi kipande hakiwezi kulizaa shamba kilimotoka.

Manufaa ya swali hilo hayaishii kwenye ardhi. Ruiru ni makao ya kituo mashuhuri cha utafiti wa kahawa, kilichotoa mwaka 1985 aina ya kahawa ya Ruiru 11 inayostahimili ugonjwa wa kuozesha buni na ule wa kutu ya majani. Ugonjwa wa buni uliwatia hasara kubwa wakulima wa Kenya miaka ya sitini. Ruiru 11 ilipatikana kwa kupandanisha mibuni ya nasaba mbalimbali, kizazi baada ya kizazi. Kumtafuta babu wa mbuni ni swali lile lile la kumtafuta mama wa ploti, isipokuwa mbuni una wazazi wawili na matawi huongezeka upesi zaidi.

Kwa upande wa ardhi, uzito wa swali hilo umeongezeka katika miaka ya hivi karibuni. Mnamo Aprili 21, 2023, Mahakama ya Juu ya Kenya iliamua kesi baina ya kampuni ya Dina Management na Serikali ya Kaunti ya Mombasa. Mahakama ilishikilia kwamba hatimiliki pekee haitoshi kumlinda mwenye ardhi iwapo ardhi hiyo ilitolewa kinyume cha utaratibu tangu mwanzo. Mnunuzi aliyekuja baadaye haponi kwa kuwa tu jina lake limo kwenye hati.

Maana yake kwa anayenunua ploti Thika au Ruiru ni nzito. Kumjua mmiliki wa leo hakutoshi. Ni lazima mnyororo ufuatwe hadi ardhi hiyo ilipotolewa mara ya kwanza. Kiungo kimoja kikiwa kibovu, akiba ya miaka mingi ya familia huweza kupotea. Serikali ilizindua mfumo wa kidijitali wa Ardhisasa jijini Nairobi Aprili 2021 ili kuhamisha rekodi kutoka kwenye makaratasi. Lakini hakuna tarakilishi inayoweza kufuata kiungo ambacho hakikuandikwa. Ikiwa nambari ya ploti mama haikuingizwa, au kadi ya kijani ya zamani imepotea, swali litasimama hapo hata liwe limeandikwa kwa ufundi gani.

Codd aliuhimiza usahihi wa aina hiyo maisha yake yote. Mapema miaka ya sabini alifafanua kanuni za kupanga majedwali ili jambo moja liandikwe mahali pamoja tu, lisije likasahihishwa huku na kuachwa kule. Hakuridhishwa na SQL, kwa kuwa aliona imeiacha nadharia yake katika mambo kadhaa, mathalani kuruhusu jedwali kuwa na mistari miwili iliyo sawa kabisa. Kampuni nyingi zilipoanza kujinadi kwamba bidhaa zao ni za mahusiano, alichapisha mwaka 1985 kanuni 12 za kupimia madai hayo.

Heshima ilimfikia akiwa hai. IBM ilimtunuku cheo chake cha juu cha kitaaluma mwaka 1976, na mwaka 1981 alipokea Tuzo ya Turing, iliyo kubwa kuliko zote katika sayansi ya tarakilishi. Aliondoka IBM mwaka 1984 na kuanzisha kampuni ya ushauri pamoja na mwenzake wa miaka mingi, Chris Date.

Hakukosa doa. Mwaka 1993, makala aliyoyaandika pamoja na wenzake kuhusu uchanganuzi wa data za biashara yalizua lawama baada ya kubainika kwamba yalidhaminiwa na kampuni iliyokuwa ikiuza bidhaa za aina hiyo.

Codd aliaga dunia kwa ugonjwa wa moyo Aprili 18, 2003, katika jimbo la Florida, akiwa na umri wa miaka 79. Mwaka uliofuata, tuzo ya uvumbuzi ya wataalamu wa hifadhidata chini ya ACM ilipewa jina lake.

Kazi aliyoiacha inaendelea. Makarani, wapima ardhi na waandishi wa programu wanaohamisha rekodi za Kiambu na kaunti nyinginezo kuingia kwenye tarakilishi ndio watakaoamua iwapo nambari ya ploti mama itaandikwa katika kila mstari. Wakiiandika, mnunuzi ataweza kujua kwa muda mfupi ardhi yake ilikotoka. Wasipoiandika, atalazimika kuendelea kupekua mafaili, huku mwenye hati ya kughushi akizidi kunufaika.